Kabla ya kupanda Kilimanjaro, nisikilizeni mimi mpishi

Mlimani jina langu halitumiki. Waongozaji wananiita injinia wa tumbo, wagumu, yaani wapagazi, wananiita Babu, ingawa mvi zangu bado zinahesabika. Napika Kilimanjaro tangu mwaka 1998. Kabla ya hapo nilikuwa mgumu kama wagumu wengine: nikabebeshwa mtungi wa gesi, nikabebeshwa meza za kukunja, mwisho wakaniamini na mayai. Mayai ndiyo yaliyonifundisha kutembea. Trei mbili kichwani kutoka geti la Machame mpaka kambi ya Barafu, na ukifika hata moja halijapasuka, mpishi anakukatia ukoko wa wali wewe wa kwanza.

Zamani walionitafuta ni makampuni tu. Siku hizi napigiwa na watu wetu. Mtu wa Dar anampa shemeji yake namba yangu, shemeji anaitupa kwenye kundi la kazini, na ukifika mwezi wa kumi simu inaanza kuita: "Shikamoo Babu. Tuko kumi na wawili, tunataka ile ya tarehe 9 Desemba. Tuanzie wapi?"

Marahaba. Anzieni tumboni.

Huwa wanacheka, wanadhani natania. Wanataka habari za viatu na picha. Viatu tutavifikia. Kwanza niwaeleze jinsi mlima huu ulivyopandwa mara ya kwanza, kwa sababu siri yote iko pale.

Safari iliyofanikiwa kwa chakula

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, akaandika alichokiona, na mabwana wa jiografia London wakamcheka: theluji karibu na ikweta? Miaka michache baadaye, 1857, Waingereza wakaanzisha klabu yao ya wapanda milima. Kupanda mlima kwa kujifurahisha, bila kuwinda wala kufuata mali, kukawa mchezo wa watu wenye nafasi, na vilele vya Alps, milima ya Ulaya, vilipokaribia kuisha wakaanza kutupia macho ya mbali. Wazee wetu wa Kichagga mlima waliujua kwa asali, kuni na matambiko. Kupanda mpaka kwenye barafu ili ushuke mikono mitupu haikuwa kazi ya mtu mwenye shughuli zake.

Mjerumani Hans Meyer wa Leipzig alijaribu 1887, ukuta wa barafu ukamrudisha. Mwaka 1888 hata mlima hakuufikia, akakamatwa huko pwani kwenye vita vya Abushiri. Mwaka 1889 akarudi tena, safari hii na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Austria, na mpango mpya. Kambi ya chini iliwekwa Marangu kwa Mangi Marealle, nyingine katikati, nyingine juu kabisa karibu na tandiko, ule uwanda ulio kati ya Kibo na kilele chake jirani, Mawenzi. Kila baada ya siku chache watu wakapandisha chakula kutoka chini. Kwa hiyo hao wawili wakishindwa leo hawalazimiki kushuka mpaka kijijini. Wanalala, wanakula, wanajaribu kesho. Tarehe 6 Oktoba wakasimama kileleni. Watu husifu kamba na mashoka yao ya barafu. Mimi nasifu ile foleni ya watu wenye vyakula vichwani.

Kule kambi ya juu alibaki nao mtu mmoja wa Pangani, Mwini Amani. Mtu wa joto na nazi, akakaa siku nyingi kwenye baridi ile akitunza kambi, wenzake wakiwa kwenye barafu. Marangu wanamtaja sana mzee Yohani Kinyala Lauwo kuwa mwongozaji wa kwanza, na sawa. Lakini sijawahi kukutana na mgeni anayemjua Mwini Amani. Mimi namhesabu mpishi mwenzangu.

Baada ya hapo mambo yakaenda taratibu, kisha yakakimbia. Usiku wa kuamkia uhuru, Desemba 1961, Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge kileleni, ndiyo maana leo kilele kinaitwa Uhuru na makundi yenu yanataka tarehe 9. Hifadhi ikatangazwa 1973, ikafunguliwa kwa wageni 1977. Halafu mwaka 1985 Mmarekani Dick Bass akamaliza kupanda mlima mrefu kuliko yote wa kila bara, saba kwa jumla, na tangu hapo dunia nzima ina watu wanaotaka hiyo orodha. Kati ya hiyo saba, huu wetu unapanda bila kamba. Sasa wanakuja makumi ya maelfu kila mwaka, na wengi wao wanakosea mambo yaleyale.

Siku ngapi, kabla ya njia ipi

Watu wetu wanauliza bei, wanachukua safari fupi kuliko zote, wanarudi na picha za Horombo, kambi ya njiani, si za kilele. Sikilizeni: pesa ya siku moja ya ziada ndiyo pesa yenye faida kuliko zote mtakazotoa. Njia ya Marangu wanauza ya siku tano, chukueni sita, mlale Horombo (mita 3,720) usiku mbili. Machame wanauza ya sita, chukueni saba. Lemosho ni nzuri ikiwa nane. Rongai inaanzia kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya, ni kavu kidogo na haina msongamano.

Marangu mnalala kwenye vibanda vyenye magodoro. Kwingine kote ni mahema. Watu wanadhani godoro ni ahueni. Ni ahueni ya mgongo. Machame ina jambo moja ambalo Marangu haina: siku ya Lava Tower. Mnapanda mpaka mita 4,600, mnakula chakula cha mchana pale huku vichwa vinagonga, halafu mnashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Mwili unapelekwa juu ukaonje, unarudishwa chini ukafikirie.

Januari na Februari ni kukavu, na Juni mpaka Oktoba. Aprili na Mei kaeni nyumbani. Desemba mvua za vuli zinaweza kuwa hazijakata, hivyo wa tarehe 9 wabebe makoti ya mvua ya kweli, si yale ya nailoni ya mwendokasi.

Peke yako huruhusiwi kupanda. Lazima kampuni na mwongozaji mwenye leseni. Wenyeji tunalipa viingilio kwa shilingi, na ni kidogo sana ukilinganisha na wageni, kwa hiyo mtu akikutajia bei ya dola muulize kwa nini.

Kampuni mnaichaguaje? Msiulize hema ni la aina gani. Ulizeni: wagumu wanakula mara ngapi? Wanalala wapi? Mzigo wa mgumu haupaswi kuzidi kilo 20, na getini kuna mzani. Miaka ya nyuma nilipikia kampuni moja ambayo sitaitaja. Bosi alinipa unga wa mlo mmoja kwa siku kwa wagumu 26. Siku ya tatu vijana wanne walishuka, wana njaa na aibu. Mizigo yao ikagawiwa waliobaki, mahema yakafika kambi ya Karanga saa mbili usiku, wageni wakakaa juu ya mawe wakitetemeka. Wageni walilalamika kuhusu mahema. Hakuna aliyeuliza kuhusu unga. Liko shirika, KPAP, linalofuatilia haki za wagumu na kampuni zinazowatendea vizuri. Anzieni hapo.

Nguo, viatu, na ile jinzi

Moshi kuna soko la Memorial. Jaketi ambalo dukani Ulaya lingemaliza mshahara wako utalikuta limetundikwa kwenye mti, muuzaji anataka elfu arobaini, mpe ishirini na tano. Tafuteni sweta jepesi la manyoya la ndani, jaketi zito la nje, suruali mbili za kukauka haraka, kofia ya sufu, glavu nene. Mfuko wa kulalia, fimbo na geta, vile vifuniko vya miguu vya kuzuia vumbi na theluji, kodisheni.

Pamba msivae. Fulana ya pamba ikilowa jasho inakuwa barafu mgongoni. Na jinzi, naombeni. Niliwahi kumwona kaka mmoja akianika jinzi yake kwenye kamba ya hema, kambi ya Shira, jioni. Asubuhi ilisimama yenyewe kama mtu.

Viatu hata kimoja kisiwe kipya. Vaa hicho kiatu kazini, sokoni, kanisani au msikitini mpaka watu waseme. Kucha za miguu zikateni siku mbili kabla, maana kushuka ndiko kunakozing'oa. Mazoezi? Watu wa Dar wana milima ya Pugu na wana maghorofa. Pandeni ngazi na begi lenye lita sita za maji. Mwenye nafasi aende Uluguru wikiendi mbili tatu. Hayo yanatosha. Mapafu ya mazoezi hayazuii ugonjwa wa mlima, msidanganyane.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019, na chupa za maji za kutupa hazitakiwi hifadhini. Chukua chupa ngumu mbili za lita moja moja.

Sasa jikoni

Safari yangu ya pili kama mpishi nilitaka kujionyesha. Nikapandisha maharage mpaka Barafu, mita 4,673. Niliyabandika saa tisa mchana. Saa tatu usiku yalikuwa bado yanagonga sufuria kama kokoto, na gesi yangu ilikuwa imebaki robo. Mwongozaji mkuu alionja moja, akalitema, akaniambia, "Mpishi, leo umetupikia mlima wenyewe."

Sababu niliijua baadaye. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito, na maji yanachemka kabla hayajawa moto vizuri. Moshi mjini yanachemka karibu na nyuzi 97. Kambi ya Barafu yanachemka kwenye 85 hivi. Unayaona yanatokota, kumbe ni uwongo. Kwa hiyo juu kule napika vinavyoiva upesi: tambi, viazi vilivyokatwa vidogo, supu ya maboga, karoti na tangawizi. Nyama inaliwa siku mbili tatu za mwanzo. Mtori naupikia Machame Kambi, ndizi zikiwa bado mbichi. Wagumu wanataka ugali wao na dagaa popote, na ugali unakubali kwa shida, unataka mkono na uvumilivu.

Tatizo kubwa si mapishi. Juu ya mita 3,500 hamu ya kula inakimbia. Njaa haipo, chakula kinanuka, na mtu anayesema "mimi nitakula kesho" ndiye nitakayemwona kesho amekaa kwenye jiwe. Kama mpishi siingii kwenye hema la wageni kila wakati. Wageni nawajua kwa sahani zinavyorudi. Weita akileta sahani, nazisoma.

Mwaka juzi kulikuwa na kundi la watumishi kutoka Dodoma. Sahani zilirudi nyeupe, kila mlo, nikafurahi. Pale Barranco asubuhi nikaona kunguru wa shingo nyeupe, wale wakubwa wa kambini, watano sita, wote kwenye hema moja. Kunguru hawakosei. Nikaenda na birika la chai kama mtu anayepita tu. Nyuma ya hema, chini ya jiwe, kulikuwa na wali wa jana, chapati mbili na yai.

"Mama, shikamoo. Hawa ndege umewaalika wewe?"

Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mzima wa miaka sitini na. Akafunika uso kwa kanga. "Marahaba mwanangu. Nilikuwa naona aibu kurudisha. Nyie mnabeba kwa vichwa mpaka huku, halafu mimi nirudishe?"

Nikamwambia arudishe. Ukirudisha najua nikupikie nini. Ukificha, wanashiba kunguru. Tangu siku ile nikawa namchemshia uji mwembamba wa ulezi, kikombe kidogo kila baada ya saa mbili, na hii ndiyo nawaachia mjaribu nyumbani mpaka tumbo liuzoee: vijiko viwili vya unga kwa maji nusu lita, tangawizi iliyopondwa, chumvi kidogo sana, sukari isiyo ya kuona haya, ndimu ukiepua. Maziwa usiweke, juu kule yanakataa. Alikunywa uji huo mpaka Stella Point, ukingoni mwa kreta kabla ya kilele, mita 5,756, akaona jua linachomoza nyuma ya Mawenzi, akasema imetosha. Cheti cha Stella alikipata, amekitundika sebuleni Dodoma.

Bebeni na vyenu vya mfukoni: karanga, tende, kashata, tangawizi ya kutafuna. Chokoleti inaganda kama tofali. Saa kumi jioni nitaleta chai na bisi. Kuleni bisi hata kama hamzitaki, chumvi yake inawafanya mnywe maji.

Maji, lita tatu mpaka nne kwa siku, mkinywa kidogo kidogo. Mkojo ukiwa wa njano ya chungwa hujanywa. Na mjue maji hayo yanatoka wapi: kwa njia ya Machame na Lemosho, maji ya mwisho ni mto Karanga. Kambi ya Barafu hakuna hata tone, kila kikombe mtakachokunywa pale kimepandishwa na mgumu mgongoni. Sisemi msinawe. Nasema mnawe kwa adabu.

Mkinywa hivyo mtaamka usiku mara tatu. Wanaume wana chupa yao ya pembeni. Kina mama wasiache kunywa kwa kuogopa baridi ya nje, nawaona wengi wanafanya hivyo. Vaeni jaketi, mtoke wawili, mtaona nyota ambazo mjini hazipo.

Kichwa

Kichwa kuuma kidogo, kukosa usingizi, kichefuchefu: hivyo vinakuja karibu kwa kila mtu. Mwambie mwongozaji, hata kama unaona haya. Atakupima oksijeni kwa kile kidude cha kidoleni asubuhi na jioni. Zipo dawa za kusaidia mwili kuzoea, hizo zungumza na daktari wako wiki kadhaa kabla, mwambie kama una mzio wa dawa za salfa.

Kuna dalili ambazo hazijadiliwi. Mtu akipepesuka kama mlevi, akishindwa kutembea mstari kisigino kwa kidole, akiongea yasiyoeleweka. Au akihema kwa shida akiwa amekaa, kifua kinakoroma, anakohoa povu. Huyo anashuka saa hiyohiyo, usiku huohuo, hata kama kilele kinaonekana. Hakuna dawa kama kushuka. Wale wanaobembeleza "nusu saa tu, kaka" wasisikilizwe, maana ubongo unaobembeleza ndio huo huo unaoumwa.

Usiku wa samiti, wa kupanda kileleni

Nitawaamsha saa tano usiku. Chai, biskuti, uji. Mwendo unachukua muda wa saa sita mpaka nane, gizani, baridi inaweza kufika nyuzi kumi na tano chini ya sifuri. Chupa ya maji iweke kichwa chini kwenye begi: maji yanaanza kuganda juu, na ukiigeuza mdomo unabaki wazi. Ule mrija wa kunyonyea maji utaganda, usiutegemee. Betri za tochi na simu zilale na wewe ndani ya mfuko wa kulalia, kisha mfuko wa ndani wa jaketi.

Tembeeni hatua ya kiatu kwa kiatu. Mkiweza kuongea mkitembea mwendo ni sawa. Msitazame juu, mtaona tochi za wenzenu zimechanganyika na nyota na mtakata tamaa. Tazameni visigino vya aliye mbele. Ukifika Stella bado kama saa nzima mpaka Uhuru, mita 5,895. Pale kibaoni kaeni dakika chache, picha, mteremke.

Kushuka mpaka geti la Mweka ni siku moja na nusu ya magoti. Fimbo mbili, na kiatu kikazwe sana kwenye kifundo.

Tipu pangeni kabla hamjapanda, kwenye bahasha, na mgumu apewe mkononi mwake, mbele ya wenzake. Mjue majina yao mawili matatu. Yule aliyebeba choo cha kubebeka ulizeni jina lake kwanza.

Na mtakapokuja, njooni na ndimu kutoka Dar. Za Moshi msimu huo zinakuwa ndogo na ghali. Ishirini zinatosha kwa watu kumi na wawili, na mwenye tumbo gumu apunguze mbili aje na embe bichi.